Ukarabati na Uhifadhi wa Filamu za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa namna tatu: waliorithi mikebe ya filamu na hawajui waifanyie nini, wanafunzi wa sinema na historia, na watazamaji walioiona filamu fulani utotoni katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, na ambao sasa wanaitafuta bila kuipata. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Filamu za zamani zimepotea kwa kiasi gani?

Zimepotea nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti wa mwanahistoria David Pierce uliohesabu filamu ndefu zisizo na sauti 10,919 zilizotengenezwa nchini humo kati ya mwaka 1912 na 1929, na kubaini kwamba ni filamu 1,575 tu, yaani asilimia 14, zilizosalia katika umbo lake la asili. Hiyo ndiyo hali ya nchi yenye kampuni tajiri kuliko zote katika biashara hiyo. Nchini India, Alam Ara ya mwaka 1931, ambayo ndiyo filamu ya kwanza ya nchi hiyo yenye sauti, haina hata nakala moja inayojulikana kuwapo leo.

Sehemu kubwa ya hasara hii ililetwa na watu wenyewe. Filamu ilipomaliza mzunguko wake wa maonyesho ilihesabiwa kuwa mzigo unaokula nafasi ya ghala, na nyingi ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo kwenye picha. Georges Méliès, Mfaransa aliyevumbua nusu ya mazingaombwe ya sinema, alizichoma negativu zake mwenyewe, yaani mikanda ya asili iliyopita ndani ya kamera, mwaka 1923 baada ya kufilisika. Filamu zake tunazoziona leo zipo kwa sababu nakala za maonyesho zilikuwa zimebaki mikononi mwa watu wengine.

Mkanda wa filamu huharibikaje?

Mkanda una sehemu mbili: utepe unaobeba, na juu yake utando mwembamba wa gelatini wenye chembe za fedha au rangi, ambao ndio picha yenyewe. Kila sehemu ina adui wake.

Tangu mwanzo wa sinema hadi mapema miaka ya 1950, utepe wa milimita 35 ulitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ambayo hutoa picha ang'avu lakini hushika moto upesi, na ikishawaka hujitengenezea oksijeni yake yenyewe, hivyo haizimiki kwa maji wala kwa kufunikwa. Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua wakati wa joto kali, na sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo ikateketea kwa siku moja. Hata pasipo moto, nitrati huoza: kwanza picha hufifia, kisha mkanda hunata, na mwisho hubaki unga wa kahawia ndani ya mkebe.

Nitrati ilifuatwa na asetati, iliyoitwa utepe salama kwa kuwa haishiki moto kwa urahisi. Usalama huo uliishia kwenye moto. Asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huchochea zaidi uozo ulioizalisha, tena huvukia kwenye mikebe jirani na kuiambukiza. Huu ndio ugonjwa wa siki. Mara ya kwanza nilipofungua mkebe wa namna hiyo, macho yalianza kuwasha kabla sijauona mkanda wenyewe, na nilipoushika ulikuwa umejikunja kama gamba la muwa lililokauka juani, kingo zake zikiwa fupi kuliko katikati. Taasisi ya Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, inakadiria kwamba asetati mpya iliyowekwa kwenye nyuzijoto 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 huchukua takribani miaka 40 kabla ya ugonjwa huo kujitokeza. Kila nyuzijoto inayoongezeka hukata muda huo, na msomaji anayeishi pwani anajua vyema stoo yake ina joto gani mwezi wa Februari.

Filamu za rangi zina balaa la ziada. Nakala nyingi zilizochapishwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina rangi zisizodumu. Samawati hutangulia kufifia, kijani cha miti na weusi wa nywele hufuata, na filamu nzima hubaki na wekundu wa waridi. Hakuna kemikali inayoweza kuirudisha rangi iliyokwisha kutoweka kwenye mkanda.

Je, kuhifadhi na kukarabati ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya viwili hivi kumeponza filamu nyingi. Kuhifadhi ni kuuweka mkanda katika baridi na ukavu, kuukagua, kuuandikia kumbukumbu na kuutengenezea nakala, ili uendelee kuwapo. Kukarabati ni kuirudisha filamu karibu iwezekanavyo na hali iliyokuwa nayo ilipotoka mara ya kwanza. Ukarabati huonekana, hupigiwa makofi kwenye matamasha na hupata wafadhili, ilhali uhifadhi ni kazi ya kimya inayofanyika kwenye chumba cha baridi miaka nenda miaka rudi. Lakini pasipo uhifadhi hakuna cha kukarabati, na kama fedha zinatosha jambo moja tu, nashauri bila kusita zinunuliwe rafu, vipozahewa na vifaa vya kupunguza unyevu.

Kazi ya ukarabati hufanyikaje?

Huanza kwa upelelezi. Kwa kuwa filamu moja huweza kuwa na negativu ya kamera, nakala za kati (zinazotolewa kwenye negativu ili kuchapia nyingine) na nakala za maonyesho zilizotawanyika katika nchi kadhaa, kazi ya kwanza ni kujua ni zipi zilizopo, ziko wapi, na ipi iko karibu zaidi na kile kilichopita ndani ya kamera. Kila uzazi wa nakala hupoteza kidogo, mithili ya fotokopi inayotolewa kutoka kwa fotokopi, na ndiyo maana negativu ya kamera hutafutwa kabla ya vingine vyote.

Baada ya hapo mkanda hulazwa juu ya meza yenye taa chini yake, na mtu aliyevaa glavu za pamba huupitisha taratibu kati ya vidole vyake, mita kwa mita, akisikiliza kwa ncha za vidole mahali palipochanika au kiungo kilichoachia. Filamu ya dakika 90 katika milimita 35 ina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu. Matundu ya pembeni yaliyokatika huzibwa, viungo vya zamani hufunguliwa na kuunganishwa upya, na kusinyaa kwa mkanda hupimwa, kwa sababu ukisinyaa kwa zaidi ya asilimia 1 matundu hayalingani tena na meno ya projekta, na kuuonyesha ni kuuchana. Hatua hii haina njia ya mkato, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mkanda husafishwa, kisha hupigwa skani fremu moja baada ya nyingine. Mashine nyingine huupitisha ndani ya kimiminika ambacho huupinda mwanga sawasawa na utepe wenyewe, hivyo mikwaruzo iliyo upande wa utepe hujazwa na haionekani kabisa kwenye picha. Kwa mwendo wa kawaida wa fremu 24 kwa sekunde, dakika 90 ni fremu 129,600. Ndipo wataalamu wa kompyuta wanapoanza kuondoa vumbi na madoa, kutuliza picha inayotikisika na kusawazisha mwanga unaopepesa, huku mpimaji wa rangi akirekebisha rangi za filamu, ikiwezekana akiwa na mpigapicha wa filamu hiyo pembeni kama bado yu hai. Sauti hushughulikiwa mbali, kutoka kwenye mstari mwembamba ulio kando ya picha au kutoka kwenye kanda za sumaku, na mlio wa mikwaruzo huondolewa pasipo kuzikausha sauti za waigizaji.

Mkanda ulioungua unaweza kuokolewa?

Wakati mwingine, ndiyo. Mwaka 1993, mwaka mmoja baada ya kifo cha mwongozaji Satyajit Ray wa India, moto uliwaka katika maabara ya filamu mjini London zilimokuwa negativu za filamu zake tatu zinazomhusu kijana Apu. Zilizonusurika zilikuwa zimeungua kingo, zimeyeyuka kwa sehemu na kujaa majivu, wala hakuna mashine ambayo ingeweza kuzipitisha. Hazikutupwa. Zilipelekwa Marekani katika hifadhi ya taasisi inayotoa tuzo za Oscar, zikakaa huko kwa takribani miaka ishirini hadi maabara ya L'Immagine Ritrovata ya Bologna, Italia, ilipozipokea, ikazirudishia unyevu ili zilainike, ikauondoa kwa mkono utepe wa kunatishia ulioyeyuka, na kujenga upya matundu yaliyoungua. Kazi hiyo ya mikono ilichukua karibu saa elfu moja. Mwishowe asilimia 40 ya Pather Panchali na zaidi ya asilimia 60 ya Aparajito zilitoka kwenye negativu hizo hizo zilizoungua, na sehemu zilizosalia zikajazwa kwa nakala nyingine. Filamu hizo zilirudi kwenye majumba ya sinema mwaka 2015.

Kisa hiki nakirudia kila mara kwa sababu ya ile miaka ishirini ya kusubiri. Mwaka 1993 hakuna aliyejua namna ya kuzikarabati, lakini kuna mtu aliyeamua kwamba masizi yale yawekewe lebo na kupangwa rafuni.

Kama filamu ina matoleo kadhaa, ni lipi linalorejeshwa?

Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali. Sholay, iliyotoka India Agosti 1975 na ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa moyo, ilionyeshwa ikiwa na mwisho uliobadilishwa kwa amri ya wakaguzi wa filamu: polisi wanafika na kumzuia Thakur asimuue jambazi Gabbar Singh. Taasisi ya Film Heritage Foundation ya Mumbai iliporejesha filamu hiyo, negativu ya kamera ilikuwa imeharibika vibaya na ikabidi kutegemea nakala za kati, ambazo baadhi zilipatikana ghalani nchini Uingereza. Toleo lililoonyeshwa Bologna Juni 2025 lilikuwa na mwisho wa asili, uliokusudiwa na mwongozaji.

Uamuzi huo naona ni sahihi, kwa sharti kwamba toleo lililoonyeshwa mwaka 1975 nalo litunzwe, maana ndilo mamilioni ya watu waliloliona. Ukarabati unaofuta toleo jingine ni upotevu uliovaa nguo za sherehe.

Kwa nini picha isisafishwe kabisa, au filamu ya nyeusi na nyeupe isitiwe rangi?

Kwa sababu chembechembe zinazoonekana kwenye picha si uchafu. Ndizo picha yenyewe, kama nyuzi zilivyo kitambaa. Programu inayoziondoa hulainisha ngozi za waigizaji hadi nyuso zao zikaonekana kama za nta, na programu za akili bandia zinazojaza maelezo yasiyokuwapo hubuni kope, vitambaa na kuta ambazo kamera haikuziona. Kutia rangi filamu iliyopigwa na mpigapicha aliyepanga taa zake kwa weusi na weupe ni kuibadilisha kazi yake pasipo ridhaa yake. Mkarabati mwaminifu huondoa kilicholetwa na wakati, huacha kilicholetwa na watengenezaji, huandika kila alichokigusa, na hufanya kazi yake kwa namna ambayo ajaye anaweza kuitengua.

Tukishapata nakala ya kidijitali, mkanda una kazi gani tena?

Una kazi kubwa kuliko hapo mwanzo. Kwa ubora unaoitwa 4K, kila fremu huchukua takribani megabaiti 50, kwa hiyo filamu ya dakika 90 huzidi terabaiti 6 kabla ya kuguswa. Data hiyo huwekwa kwenye diski zinazokufa bila taarifa, au kwenye kanda za data ambazo mashine za kizazi kipya husoma vizazi viwili tu vya nyuma au pungufu ya hapo, hivyo ni lazima ihamishwe kila baada ya miaka michache, kwa gharama, bila kukosa hata mara moja. Taasisi ikikosa bajeti kwa miaka kumi, rili iliyowekwa kwenye baridi itakuwa bado inatazamika kwa jicho na taa. Faili lililosahauliwa kwa miaka kumi huenda lisifunguke.

Aidha, skani za mwaka 2005 zinaonekana hafifu leo, na waliobaki na mikanda walirudi kuiskani upya. Waliotupa mikanda yao baada ya skani ya kwanza hawana pa kurudi.

Gharama hizi hulipwa na nani?

Hulipwa na serikali, wenye haki, wafadhili na mara chache watazamaji wenyewe. Filamu ya India iitwayo Manthan, ya mwaka 1976, iligharimiwa na wafugaji 500,000 wa Gujarat waliochanga rupia mbili kila mmoja, na iliporejeshwa na kuonyeshwa Cannes mwaka 2024 ilikuwa ni mali yao iliyorudi. Filamu ambayo mwenye haki wake hajulikani ndiyo yenye shida zaidi, kwa kuwa wafadhili huogopa kugusa kisicho na mwenyewe.

Kwa nini filamu nyingi za Kiafrika ziko Ulaya?

Kwa sababu baada ya kupiga picha, mkanda ulilazimika kupelekwa maabara ya Paris, London au Roma kusafishwa, na negativu ikabaki huko huko. Miaka ilipopita, watayarishaji wakafariki, maabara zikafungwa au kuuzwa, na mikebe ikawa mali isiyo na wa kuidai. Mwaka 2017 taasisi ya The Film Foundation iliyoanzishwa na Martin Scorsese, pamoja na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika FEPACI na UNESCO, zilianzisha mradi wa kutafuta na kurejesha filamu 50 za Kiafrika. Miongoni mwa zilizokwisha kurejeshwa ni Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania, na Sambizanga ya Sarah Maldoror, inayohusu ukombozi wa Angola na iliyopigwa Kongo-Brazzaville mwaka 1972.

Kurejesha picha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuifikisha nakala mahali filamu ilipozaliwa, iweze kuonwa na watu wa huko pasipo kuomba viza.

Afrika Mashariki ina nini cha kuhifadhi?

Ina kingi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Waingereza ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 za mafunzo ya kilimo, afya na ufugaji, zikapakiwa kwenye lori na kuonyeshwa vijijini. Picha zilikuwa kwenye mkanda wa milimita 16, na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalikuwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba. Ni chache mno zilizosalia, na mfumo wenyewe unaonyesha hatari yake: santuri ikivunjika, filamu inakuwa bubu. Zina kiburi cha kikoloni, hilo halifichiki, lakini waliomo kwenye picha ni babu na bibi wa watu walio hai, na kutunza si kukubaliana na kilichosemwa juu yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Rashidi Mfaume Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Baada ya uhuru ikaja Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968. Juu ya hizo kuna filamu za habari, za vyama vya ushirika na za mashirika ya dini, zilizopigwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ndilo tunalolikosa: orodha ya kilichopo, kilipo, na hali yake.

Filamu iliyopotea yaweza kupatikana tena?

Hutokea, na aghalabu mbali na ilikotengenezwa. Mwaka 1978 wachimbaji wa msingi huko Dawson City, kaskazini mwa Kanada, waliibua rili zaidi ya 500 zilizokuwa zimefukiwa kwenye bwawa la kuogelea la zamani na kutunzwa na barafu ya ardhini. Mji huo ulikuwa kituo cha mwisho cha usambazaji, na gharama ya kurudisha nakala ilizidi thamani yake. Mwaka 2008 sehemu za Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927, zilizodhaniwa kutoweka, zilipatikana katika jumba la makumbusho la sinema mjini Buenos Aires.

Pwani yetu nayo ilikuwa kituo cha mbali. Nakala kutoka Bombay, Cairo na London zilishuka bandarini, zikazunguka mji hata mji, na si zote zilizorudi. Sidai kwamba kuna hazina fulani inayosubiri, ila naomba kila mwenye ghala la jumba la sinema lililofungwa aite mjuzi kabla ya kuita gari la taka.

Kanda za video nazo je?

Kanda za VHS na Betacam ziko hatarini zaidi, kwa sababu mashine za kuzicheza zinakwisha. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Zihamishe kwenye dijitali sasa hivi, ukianza na zile ambazo wewe tu ndiye mwenye nakala, kisha uzitunze kanda zenyewe.

Nina mkebe wa filamu nyumbani. Nifanye nini?

Usiupitishe kwenye projekta. Ufungue mahali penye hewa, na ukisikia harufu kali ya siki uutenge na mingine. Mkanda ukiwa wa milimita 35, una neno "nitrate" pembeni au umeanza kunata na kuwa unga, usiufungie kwenye chombo kisichopitisha hewa, uweke mbali na joto, na uwasiliane na hifadhi ya taifa ya nyaraka au makumbusho kabla ya kuusafirisha. Usiukate, usiuoshe, wala usiutupe mkebe wenye kutu kabla ya kunakili kila kilichoandikwa juu yake, hata kama ni namba tu. Uhamishie kwenye mkebe wa plastiki unaopitisha hewa, uulaze badala ya kuusimamisha, na uuweke kwenye chumba chenye baridi na ukavu kuliko vyote ulivyo navyo, mbali na dari la mabati na sakafu inayofikiwa na maji ya mvua. Kisha mkalishe chini mzee wa nyumba anayejua ulikotoka, na uandike kwa penseli: ni nani aliyeupiga, wapi, mwaka gani, na walioonekana ndani yake ni akina nani.